Kituo Tulichogombea Mimi na Hamadi

Siku yangu ya kwanza kazini Jeddah, Mkuu wa Zamu alitutoa nje mimi na Hamadi, akatusimamisha kwenye kiwanja cha vipimo nyuma ya ofisi, akatuambia tutazame juu. "Igaweni mbingu mafungu manane," alisema. "Niambieni mafungu mangapi yamefunikwa na mawingu." Hivyo ndivyo tulivyopima mawingu. Hakukuwa na chombo, lilikuwa jicho la mtu tu, na jicho hilo lilipaswa kuzoea kujumlisha vipande vilivyotawanyika huku na huku. Mimi nikasema matatu. Hamadi akasema mawili. Mkuu wa Zamu, Msudani mrefu asiyependa kupandisha sauti, akamwelekea Hamadi. "Mawili. Mwakio, wewe utazoea."

Vijana mnaotaka kuingia kazi ya uangalizi wa hali ya hewa mtaniuliza kama mtu mzima anaweza kumwonea mwenzake wivu kwa sababu ya fungu moja la mawingu. Anaweza. Nilianza siku hiyo na nilistaafu nikiwa bado naendelea.

Hamadi alikuwa Mpemba, mwembamba, msafi kupita kiasi, na Kiarabu alikuwa nacho tangu utotoni. Mimi ni Mtaita wa Wundanyi, Mkristo, na Kiarabu changu kilikuwa cha yalla na halas, twende na basi. Kafili wetu, yaani mdhamini wa kazi, alikuwa mmoja, kampuni iliyokodisha waangalizi kwa viwanja vya ndege na ofisi za utabiri, na alitupangia chumba kimoja mtaa wa Bani Malik. Tulilala vitanda viwili vilivyotazamana. Asubuhi tulibanana kwenye teksi moja ya kuchangia kwenda kazini, na jioni tulipika sufuria moja. Kwa hiyo hapakuwa na siku niliyopumzika kumwona. Alipopata ikama yake, kibali cha kuishi nchini, kabla yangu, niliona. Alipoitwa kufundisha wageni, niliona pia, na chakula cha siku hiyo kilinishinda.

Mke wangu Wakesho alikuwa mpishi wa nyumbani huko Al-Rawdah, kwa familia tajiri ya watu wema. Ijumaa madam wake alipomruhusu kutoka, tulikutana kwenye mkahawa mdogo wa Wahabeshi, nami nikamsimulia habari za Hamadi tangu chai ya kwanza hadi ya mwisho. Siku moja alinikatiza. "Baba Mkamburi, mimi nakaa kwenye nyumba ya watu yenye madereva wawili na mlinzi, hujawahi kuniuliza hata majina yao. Lakini Hamadi akisoma kipimajoto, hulali." Nilimwambia hayo ni mambo mawili tofauti. Akacheka mpaka mwenye mkahawa akageuka.

Baada ya miaka michache tulihamishiwa Riyadh, kwenye ukumbi wa utabiri. Pale ripoti za vituo vyote vya nchi ziliingia kila baada ya saa tatu, nasi tulizichora kwenye ramani: joto upande huu wa kituo, mgandamizo wa hewa upande ule, upepo kwa mshale. Mkuu wa Utabiri alikuwa Mmisri mnene aliyevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, kwa sababu viyoyozi vya ukumbi huo havikuwa na huruma. Ni yeye aliyetufundisha kuwa vituo havilingani. "Kituo cha mjini kinakuambia kinachotokea," alikuwa akisema. "Kituo cha mbali kinakuambia kitakachotokea. Huyo wa mbali ndiye mtume." Alipenda kutusimulia kuwa katika vita vikuu vya zamani, mataifa ya Ulaya yalipigania vibanda vya vipimo huko kwenye barafu ya kaskazini, mahali pasipo na mti wala kijiji, kwa sababu hali ya hewa ya Ulaya ilipita kule kwanza. Watu walijificha thelujini, wakawindana, wakachomeana vibanda, yote kwa ajili ya joto na upepo. Tulisikiliza tukidhani ni hadithi za wazee.

Mtume wetu sisi alikuwa kituo cha mlimani, kusini kabisa, juu ya ukingo unaotazama bonde na mpaka. Nimewahi kuwaambia watu wa Bani Malik kwamba nililala Saudia na koti juu ya blanketi, wakaniona mwongo. Lakini ukingo ule ulikuwa na baridi ya kweli, na mvua ya mawe, na juu ya yote ulikuwa na ukungu. Hewa yenye unyevu wa bahari ilipanda mteremko, ikapoa, ikawa ukungu mzito uliomeza bonde na barabara. Mwangalizi aliyesimama pale aliuona ukungu ukizaliwa chini kabla haujamfikia mtu yeyote. Kituo chenyewe kilikuwa chumba cha mawe, mlingoti wa upepo, kipimamvua, na kile kisanduku cheupe cha mbao zenye nafasi katikati, kinachoweka vipimajoto kivulini huku hewa ikipita. Maji yalipandishwa na lori la tangi. Wengine walipopangiwa kule walilia. Mimi na Hamadi tulipoombwa, tulikubali wote wawili kwa pamoja, na ndipo Mkuu wa Utabiri akaamua tupokezane, mwezi wake na mwezi wangu.

Tukawa kama wake wenza, na kituo ndicho mume. Nikipanda zamu yangu, nilikuta Hamadi amehamisha kiti, amepaka chokaa mawe ya uwanja, amepanda mnanaa dirishani. Niliung'oa mnanaa. Mwezi uliofuata nilikuta ameupanda tena, na pembeni ameweka wa akiba. Dereva wa lori la maji, Barasa, Mkenya wa Bungoma mwenye maneno mengi, alituletea habari za kila mmoja kwa mwenzake. "Mzee, huyo Hamadi anasema wewe hufungi mlango wa kisanduku vizuri," aliniambia akishusha bomba. Nami nilimjibu amwambie Hamadi kwamba mlango niliukuta umelegea.

Kisha vita vikazuka mpakani.

Wengi hamjui kwamba vita vikianza, hali ya hewa huwa siri. Ripoti ambazo jana zilisomwa na dunia nzima zilifungwa, tukapewa namba za kuficha maana zilizobadilishwa kila siku. Marubani hawakutaka kujua mvua. Walitaka kujua ukungu wa bonde lile. Ukungu ukipanda, ndege hazioni kitu na watu wa upande wa pili wanaweza kusogea watakavyo. Basi kila mtu akakitaka kituo chetu. Wa ng'ambo ya mpaka walikirushia makombora na mara mbili wakajaribu kuupanda ukingo kwa miguu. Jeshi likaweka kikosi pale, likachimba handaki, likataka kuweka mtu wake kwenye vipimo. Kampuni yetu ikataka kufunga na kuwateremsha watu wake. Na Mkuu wa Utabiri, ambaye hajawahi kushika silaha maishani, aligoma mbele ya maofisa. "Askari wenu atasoma anachoogopa," alisema. "Nipeni mwangalizi mmoja. Mmoja tu abaki."

Mmoja! Siku hiyo tulikuwa tumeitwa wote Riyadh, tumekaa mbele ya meza yake kama watoto wanaongoja kugawiwa. Mwezi ulikuwa wangu. Nilimkumbusha hilo.

"Najua mwezi ni wako," alisema Mkuu wa Utabiri. "Lakini kule kuna kapteni na askari, na redio ni ya Kiarabu. Hamadi ataelewa wakisema laleni chini. Wewe utauliza wamesema nini."

"Nitajifunza, bosi."

"Kombora halimngoji mwanafunzi. Halas. Hamadi."

Hamadi hakunitazama. Alikunja tasrihi yake ya kupita vizuizi, akaitia mfukoni polepole. Tulipotoka nje nilimwambia, "Mungu akulinde." Akajibu, "Amin, ndugu yangu." Nilimaanisha, na wakati huohuo nilitamani gari lake liharibike njiani.

Miezi iliyofuata kazi yangu ilikuwa kukaa Riyadh na kuzichora namba za Hamadi. Kila baada ya saa tatu ziliingia, nami nikazikagua. Kukagua ni kuuliza kama ripoti ina akili: je, joto hili linalingana na upepo huu, je, mgandamizo umeshuka bila sababu? Nilimkagua kama mtu anayenusa shati la mwenziwe. Hakuwa na kosa. Makombora yalianguka kule, tukasikia kwenye habari, na bado ripoti ya Hamadi ilifika na mawingu yake yote matatu: ya chini, ya kati, na yale membamba ya juu ambayo mwangalizi mvivu huyasahau. Kila mtu ukumbini alimsifu. Mkuu wa Utabiri alichukua ripoti zake mwenyewe mkononi kwenda kwa maofisa. Mimi, niliyeujua ukingo ule jiwe kwa jiwe, nilikuwa nikichonga penseli.

Halafu namba zikabadilika. Kipimajoto chetu kilikuwa na alama za nusu digrii, na mwangalizi hukadiria mwenyewe zile sehemu za kumi zilizo katikati. Kila mtu ana tabia yake. Hamadi alisoma vizuri, lakini alielemea kidogo kwenye nambari shufwa, mbili, nne, sita. Nilikuwa nimemcheka kwa hilo tangu Jeddah. Ghafla joto lake likawa linaishia kwenye sifuri au kwenye tano, kwenye alama zenyewe tu, kama la mtu asiyejua kukadiria. Siku ya kwanza nilidhani ni bahati. Siku iliyofuata pia ni sifuri na tano. Na yale mawingu ya juu yakatoweka kwenye ripoti, siku ambayo vituo viwili vya jirani viliyaona. Aliyekuwa akisoma alikuwa mwanafunzi. Hamadi hakuwa kwenye kisanduku.

Nitasema nilichofikiri. Sikufikiri kwamba amekufa, wala kwamba wale wa ng'ambo wamekiteka kituo na sasa wanatudanganya, ingawa hilo ndilo lingemjia mtu mwenye akili timamu. Nilifikiri, amechoka, amelala handakini, na kituo changu amemwachia askari akichezee. Damu ilinichemka. Nilikwenda kwa Mkuu wa Utabiri nikamwambia palepale, mbele ya watu.

Akatazama ramani kwa muda. "Una hakika, au una wivu?"

"Vyote viwili, bosi."

Akavua ile kofia ya sufu, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Kama kweli ameacha kazi, atateremshwa na utakipokea wewe. Kesho kuna gari la jeshi linalopanda. Yalla, jiandae."

Nilimpigia Wakesho simu nikamwambia nimepewa kituo. "Watu wanakimbia kutoka huko," alisema, "wewe unakimbilia. Haya. Ukifika, umsalimie Hamadi kwanza kabla hujamgombeza."

Tulipanda asubuhi, ukungu ukiwa umeshuka nusu ya mteremko. Barabara ilikuwa imetobolewa na makombora, na chumba chetu cha mawe kilikuwa kimepoteza kona moja. Mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Barasa. Alikuwa amesimama mbele ya kisanduku, mlango wazi, amekodoa macho, anajisemea namba kwa sauti.

"Barasa! Unafanya nini?"

"Ah, mzee Mwakio! Karibu. Nasoma temperature. Lori yangu ilipigwa wiki iliyopita, nikabaki huku, sasa mimi ndio mtu wa weather." Kisha akashusha sauti. "Usinikasirikie. Mzee Hamadi amenikataza kusema. Ingia tu ndani umwone."

Hamadi alikuwa amelala kwenye godoro handakini, shuka limemfunika mpaka kiunoni. Harufu ilinipokea mlangoni. Chuma cha kombora kilikuwa kimemwingia chini ya goti, tabibu wa kikosi alikuwa amekiosha kidonda na kukifunga, lakini mguu ulikuwa umevimba na kubadilika rangi. Alikuwa na homa, midomo imekauka. Aliponiona, hakunisalimu.

"Ushakuja kukichukua," alisema.

"Kwa nini hukusema umeumia?"

"Ningesema, wangenishusha. Na wakinishusha mie, wangekuleta wewe." Alifumba macho. "Kapteni nilimwambia ni jeraha dogo. Barasa nikamfunza. Sikufikiri utazijua namba zangu, Mwakio. We mtu mbaya sana."

Nilikaa chini kwenye udongo. Nilikuwa nimepanda na maneno makali niliyoyapanga njia nzima, na yote yalinitoka kichwani. Nilimwonea huruma, nami sitaki mfikiri kwamba huruma iliufukuza ule wivu. Nilimtazama mtu aliyekubali kuoza mguu ili mimi nisipate kituo, nikajiuliza kama mimi ningeweza. Hata hilo alikuwa amenishinda.

Kapteni akaingia. Wale wa upande wa pili walikuwa wanasogea chini ya ukungu, alisema, na kituo kinahamwa sasa hivi, watu wote gari moja. Nilielewa kila neno, Kiarabu changu kilikuwa kimekua. Askari wawili wakamwinua Hamadi. Akawashika mikono.

"Nipelekeni kwenye kisanduku kwanza."

"Mafi, hakuna kisanduku!" Kapteni alifoka. "Yalla!"

"Sijakabidhi," Hamadi alisema, akanigeukia mimi. "Mwambie, Mwakio. Hakikabidhiwi hivihivi."

Hili nalo ni la kazi yetu, na ngoja niwaeleze. Kituo hakitoki mkononi kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa maneno. Anayetoka anasoma kipimajoto, anayeingia anasoma baada yake, na hakuna anayemwambia mwenzake alichokiona mpaka wote wawili wamemaliza. Kisha wanatajiana. Namba zikilingana, kituo kimepita. Zisipolingana, hakijapita, bado ni cha anayetoka, na wanarudia. Nilimwomba kapteni dakika mbili. Sijui kwa nini alikubali; labda aliona tumerukwa na akili wote wawili na ni haraka zaidi kutukubalia.

Barasa alimbeba Hamadi mgongoni mpaka uwanjani na kumshikilia mbele ya kisanduku. Mwenye homa yule alifungua mlango taratibu, akazuia pumzi, akasoma, akaufunga. Nikafungua mimi. Nilisoma kwa makini kuliko siku yoyote ya maisha yangu, jicho sawa na zebaki. Nikaufunga. Tukatazamana. Hamadi akafungua mdomo, nami nikafungua wangu, na kombora likaanguka upande wa mlingoti.

Sikumbuki vizuri tulivyofika kwenye gari. Ninakumbuka kapteni akinivuta kwa ukosi, na Barasa akikimbia na Hamadi mgongoni huku akimwita Yesu kwa Kibukusu. Nyuma yetu kisanduku kilikuwa kimelala ubavu, mbao zake nyeupe zimetawanyika. Wale wa ng'ambo walikikalia kituo siku chache, kisha jeshi likakirudisha. Vita vilipotulia waliweka pale mtambo unaojisoma wenyewe na kutuma namba kwa setilaiti, ambao hauhitaji mwangalizi wala mnanaa.

Mguu wa Hamadi ulikatwa hospitalini Jeddah. Daktari alisema angechelewa kidogo zaidi tungemzika. Watu wote wa Bani Malik walikwenda kumwona, na kila aliyetoka aliniambia nimemwokoa rafiki yangu, nina moyo wa dhahabu. Wakesho, aliyemletea supu kutoka Al-Rawdah, alinitazama kwa pembeni kila waliposema hivyo. Kampuni ilimwita shujaa. Nilisimama pale kando ya kitanda nikipiga makofi pamoja na wengine, na niliionea wivu hata ile fimbo yake mpya.

Sasa nimestaafu, niko Wundanyi, Wakesho ananiambia niache kutazama mawingu nimsaidie kuchambua mboga. Mkiniuliza kazi hii ilinipa nini, nitawaambia ilinipa macho, na ilinipa mtu wa kushindana naye ambaye hakunihurumia hata siku moja. Kaeni na mtu kama huyo mkimpata. Anachosha, lakini kazi yenu haitakuwa mbaya akiwapo.

Hamadi yuko Pemba, na hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Tunaulizana afya, tunamsema Barasa ambaye huko Bungoma anajiita mtaalamu wa hali ya hewa, kisha mmoja wetu analianzisha.

"Ulisoma ngapi siku ile?" anauliza.

"Sema wewe kwanza. Wewe ndiye uliyetangulia kusoma."

"Hata. Nikisema, utaitaja hiyohiyo, useme kituo kilipita."

"Na nikisema mimi, utataja nyingine, useme kilibaki chako."

Hapo hutukana kidogo kwa Kipemba, nami hukata simu. Imekuwa hivyo miaka yote. Lakini mwezi uliopita alipiga siku isiyo Ijumaa, sauti yake nyembamba, bintiye akimshikia simu. Alisema sukari imempanda, mguu uliobaki nao unamsumbua, na daktari hapendezwi. Kisha akasema, "Mwakio, nataka nikwambie ile namba. Uitie kichwani mwako, halafu useme utakavyo. Ilikuwa kumi na moja na—"

"Nyamaza!" nilimpigia kelele mpaka Wakesho akatoka jikoni. "Usiniambie. Utaniambia Ijumaa."

Nilimsikia akicheka na kukohoa. "Unaogopa kuwa kilikuwa changu," alisema.

Nilimwambia ndiyo, hilo ndilo ninaloogopa. Ijumaa hiyo alipiga simu, tukagombana kama kawaida, na hakusema.